Dawa zipo. Mtoto anafia wapi?

Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Kenya nayo ilitoka 115 mwaka 2003 ikafika 41 mwaka 2022. Dawa kuu ya nimonia haikubadilika sana katika miaka hiyo: amoksilini ina zaidi ya nusu karne. ORS nayo, yaani mchanganyiko wa chumvi na glukosi anaonyweshwa mtoto anayehara, imekuwa ikiokoa watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zilizoongezeka ni chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto na vipimo vya haraka vya malaria, na zaidi ya hayo utaratibu: nani anamwona mtoto kwanza, anaangalia nini, anampa nini, na akishindwa anampeleka wapi.

Wanaoendelea kufa hawafi kwa maradhi ya ajabu. Tuwaweke kando kwa leo watoto wachanga wa siku 28 za mwanzo, ambao peke yao ni karibu nusu ya vifo vyote vya chini ya miaka mitano duniani na wanastahili makala yao. Kwa waliobaki, wauaji wakubwa ni walewale: nimonia, kuhara na malaria, huku utapiamlo ukiwa na mkono wake katika karibu nusu ya vifo. Tiba ya kila kimoja inajulikana hadi miligramu. Kinachopaswa kuulizwa ni mtoto anapotelea hatua gani kati ya mkeka wa nyumbani na kitanda cha wodi.

Homa si jina la ugonjwa

Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa aliyefika zahanati alitoka na dawa ya malaria. Palipokuwa hakuna darubini wala umeme, huo ulikuwa uamuzi wenye mantiki. Shida ni kwamba nimonia nayo huja na homa, na malaria kali nayo humfanya mtoto apumue haraka. Mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria, mama anarudi nyumbani akiamini mwanawe ametibiwa, na siku mbili zinapita. Kwa mtoto wa miezi saba mwenye nimonia, siku mbili ni nyingi mno.

Watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kati ya kila watoto kumi, takriban sita walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama mmoja tu. Wengi wa watoto hao 1,005 walikuwa na virusi, ambavyo antibiotiki haivigusi. Kwa hiyo dawa ya malaria kwa kila homa ni kosa, na antibiotiki kwa kila homa ni kosa pia. Kosa hili la pili lilipata nguvu pale vipimo vya haraka vilipoenea: kipimo kinasema hakuna malaria, mama amesimama mezani anasubiri kitu, na kopo la amoksilini liko karibu.

Mwongozo uliotungwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF katikati ya miaka ya 1990, ambao wahudumu wanauita IMCI, uliandikwa kwa ajili ya mkanganyiko huu. Unamtaka mhudumu amtazame mtoto mzima, si dalili moja aliyoletwa nayo. Chati yake ina rangi tatu: pinki ni rufaa ya haraka, njano ni tiba ya kituoni, kijani ni matunzo ya nyumbani. Kabla ya rangi yoyote kuna mambo manne ya kuuliza na kuangalia. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege katika ugonjwa huu? Amelegea mno au hana fahamu? Moja tu likiwepo, mtoto ni wa pinki, hata kama mama alikuja kwa sababu ya kikohozi. Baada ya hapo ndipo yanafuata maswali ya kikohozi, kuhara, homa na sikio, kisha lishe, upungufu wa damu na kadi ya chanjo.

Mwongozo huu ulipimwa Tanzania kabla ya nchi nyingi. Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizoutumia, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa bado. Katika miaka miwili, kutoka katikati ya 2000 hadi katikati ya 2002, vifo vya watoto vilikuwa chini kwa asilimia 13 kwenye wilaya mbili za kwanza. Asilimia 13 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba wilaya hizo hazikuletewa mashine wala madaktari bingwa: zilipata mafunzo, chati, usimamizi na dawa zilizofika kwa wakati.

Kwa nini basi haukumaliza kazi? Mafunzo yake ya asili huchukua siku 11, na aliyefunzwa leo anaweza kuhamishwa mwakani. Kumpitisha mtoto mmoja kwenye chati yote kunachukua muda, na zahanati yenye mhudumu mmoja na foleni hadi nje ya mlango huanza kuruka hatua. Inayorukwa mara nyingi kuliko zote ndiyo inayohitaji utulivu kuliko zote.

Dakika moja kamili

Nimonia ya mtoto haihitaji picha ya kifua ili ianze kutibiwa. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde na mtoto aliyetulia. Fulana inapandishwa, mhudumu anatazama tumbo na kifua, anahesabu kila pumzi kwa sekunde 60. Mipaka ni hii: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2 (akifikisha, hesabu irudiwe kabla ya kuamua), 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Makosa yanajulikana. La kwanza ni kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Anakwenda haraka, anatulia kidogo, anakwenda tena. Ukikosea pumzi mbili katika sekunde 15, umekosea nane katika dakika, na nane zinatosha kumtoa mtoto njano kumpeleka kijani. La pili ni kuhesabu wakati analia au ananyonya. La tatu ni kutohesabu kabisa na kuandika namba inayofanana kwa watoto wote. Ukifungua daftari la wagonjwa ukakuta watoto kumi mfululizo wana pumzi 36, hakuna aliyehesabiwa.

Baada ya kuhesabu, tazama mbavu za chini. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo vinatoka nje pamoja. Mwenye nimonia iliyokaza mapafu akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Ndiyo ile ambayo kina mama wengi wanaieleza kwa kusema mbavu zinabana. Ikibonyea kila pumzi, mtoto akiwa ametulia, ni dalili ya kweli. Ikionekana tu anapolia, haihesabiwi. Kama kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kiwango chini ya asilimia 90 kinamaanisha mtoto anahitaji oksijeni hata kama uso wake hauonyeshi hivyo. Hili ndilo pengo ninaloliona kubwa kuliko yote: kifaa ni kidogo, hakili umeme mwingi, na bado ni zahanati chache zinazokitumia kwa mtoto.

Tiba ya nimonia isiyo na dalili za hatari ni vidonge vya amoksilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Mtoto wa kilo 4 hadi kabla ya 10 anapewa kidonge 1 asubuhi na 1 jioni; wa kilo 10 hadi kabla ya 14, vidonge 2 mara mbili; wa kilo 14 hadi 19, vidonge 3 mara mbili. Ni kwa siku 5, au 3 pale mwongozo wa nchi unaporuhusu. Kidonge kimeipiku dawa ya maji kwa sababu za kawaida kabisa. Chupa ya unga inatakiwa kujazwa maji hadi alama, na wengine hawafiki au wanapita. Kijiko cha nyumbani hakina kipimo kimoja. Na nusu chupa inayobaki hutunziwa mdogo wake, ikiwa tayari imeharibika.

Mtoto arudishwe kituoni baada ya siku 2 hadi 3. Asiporudishwa, hakuna anayejua kama dawa imefanya kazi.

Lita moja ni lita moja

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi hadi India, kipindupindu kiliingia makambini. Kule Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6. Sababu iko kwenye ukuta wa utumbo: hata mtoto anapohara vibaya, kuna mlango unaopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Chumvi peke yake haiingii vya kutosha, na maji matupu nayo hayabaki.

Ndiyo maana vipimo vya ORS havina mchezo. Pakiti ya kawaida ina gramu 20.5: chumvi ya kawaida 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9, kwa lita 1 ya maji. Zipo pia pakiti za nusu lita, kwa hiyo soma kwanza. Kosa linaloua ni kumimina pakiti ya lita moja kwenye chupa ya soda. Mchanganyiko unakuwa mzito, unavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, kuhara kunazidi, na sodiamu inapanda kwenye damu hadi mtoto anaweza kupata degedege. Kosa la upande wa pili ni kugawa pakiti ili idumu: robo leo, robo kesho. Hapo maji yanakuwa mepesi na hayarudishi chumvi iliyopotea. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kupimia. Usichemshe baada ya kuchanganya, usiongeze sukari, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Kama pakiti hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, vitasaidia mpaka ipatikane.

Kiasi: mtoto wa chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100 kila anapohara, wa miaka 2 na zaidi, 100 hadi 200. Kwa kikombe na kijiko, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Wengi huacha hapa: mtoto katapika, basi dawa haimfai. Kumbe sehemu kubwa ya alichokunywa ilikwishapita.

Aliyekwisha kupungukiwa maji kiasi, mwenye macho yaliyoingia ndani, kiu kali, na ngozi ya tumbo inayorudi taratibu ukiifinya, anapewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, akiwa kituoni chini ya macho ya mtu. Mtoto wa kilo 8 atakunywa mililita 600. Asiyeweza kunywa tena, au ngozi yake inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi na amelegea, ni wa dripu mara moja.

Zinki ndiyo sehemu inayosahauliwa. Miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa wa chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, kopo linafungwa. Mama aelezwe mapema kwamba siku zilizobaki ni za kujenga kinga dhidi ya kuhara kwa miezi inayofuata, la sivyo hatakuwa na sababu ya kuendelea. Kunyonyesha kusikatizwe, chakula kiendelee, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Vidonge vya Flagyl ambavyo vinauzwa kwa mazoea kila mtoto anapohara havina kazi katika kuhara maji kwa kawaida. Kuhara damu ni jambo jingine, na hapo ni kituoni.

Kabla ya kituo

Watoto wengi wanaofia majumbani hawakukosa matunzo. Walipelekwa kwingine kwanza. Kikohozi kisichokoma, kimeo kinakatwa. Kuhara na homa wakati meno yanaota, kunasemwa ni meno ya plastiki na ufizi unachanwa. Degedege, ambayo kwa macho ya mzazi inatisha kuliko homa yoyote, imekuwa ikihesabiwa kama jambo la mganga kwanza na la hospitali baadaye, na wapo wanaoamini kwamba sindano humuua mwenye degedege. Kukata kimeo kunavujisha damu kwa mtoto ambaye huenda damu yake tayari ni pungufu kwa malaria, na kunafungua mlango wa pepopunda na usaha. Kubwa zaidi ni saa zilizopotea. Mhudumu anayemkejeli mama kwa hayo anahakikisha kwamba safari ijayo mama hatasema, au hatakuja.

Kituo cha kwanza cha wengi ni duka la dawa. Tanzania ililitambua hilo mapema: mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, maduka ya dawa baridi yalianza kugeuzwa kuwa Duka la Dawa Muhimu, muuzaji akifunzwa na duka likiruhusiwa kuuza baadhi ya dawa ambazo awali lilizificha chini ya kaunta. Ni sera yenye akili. Muuzaji aliyefunzwa dalili nne za hatari anaweza kusema "huyu usimnunulie dawa, mpeleke sasa hivi", na neno hilo lina thamani kuliko chochote kilicho kwenye rafu yake.

Mkono wa pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya iligawa mikoba kwa wahudumu wa jamii wapatao 100,000 kuanzia mwaka 2023. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwafunza na kuwaajiri 137,294 ndani ya miaka mitano. Mpango wa aina hii unaanguka kwa njia ile ile kila mahali: mkoba unaisha zinki na vipimo, mhudumu anabaki na ushauri peke yake, na majirani wanaacha kumgongea mlango. Ukitaka kujua kama mpango unafanya kazi, uliza ni siku ngapi mwezi uliopita mkoba ulikuwa mtupu.

Karatasi ya rufaa na njia ya kwenda

Malaria inatuonyesha vizuri kwa nini dawa bila rufaa haitoshi. Dawa mseto kwa mtoto wa kilo 5 hadi kabla ya 15 ni kidonge 1 mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo kwa sababu bila mafuta dawa haisharabiwi ipasavyo. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe. Malaria kali ni sindano ya atesunati: jaribio kubwa lililofanyika katika nchi tisa za Afrika na kuchapishwa mwaka 2010 lilionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa watoto waliopewa atesunati dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini.

Lakini zahanati ya mbali inaweza isiwe na mtu wa kuchoma sindano. Kwa ajili hiyo kipo kidonge cha atesunati cha miligramu 100 kinachowekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6, makalio yakashikwa pamoja kwa dakika 10. Kikitoka ndani ya nusu saa, kinawekwa kingine. Utafiti wa Bangladesh, Ghana na Tanzania uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kwa watoto waliochelewa kufika hospitali zaidi ya saa 6, dawa hii ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Kisha ikapelekwa kwa wingi katika maisha ya kawaida, Kongo, Uganda na Nigeria, kati ya 2018 na 2020, na uhai wa watoto haukuboreka. Mwaka 2022 WHO ikazitaka nchi zisitishe kupanua matumizi yake hadi mwongozo mpya utoke.

Dawa haikuwa imebadilika. Kidonge kinashusha vimelea kwa saa chache, mtoto anafungua macho, anaomba maji. Familia inapiga hesabu: nauli ya bodaboda, nani atabaki na wadogo, na mtoto si amepata nafuu? Wengine hawakwenda. Waliokwenda, wengi walipewa sindano bila kumaliziwa na dawa mseto ya siku 3, na vimelea vikarudi. Dawa ya kabla ya rufaa bila rufaa inaweza kuwa mtego.

Kwa hiyo rufaa ni tiba, na ina viungo vyake. Dozi ya kwanza ya antibiotiki au ya malaria inatolewa kabla ya kuondoka. Mtoto anapewa maziwa ya mama au maji ya sukari, mililita 30 hadi 50, kutoka kwenye kikombe cha mililita 200 kilichowekwa vijiko vya chai 4 vya sukari, kwa sababu mtoto mgonjwa sana huishiwa sukari njiani na kufa nayo. Asiyeweza kumeza awekewe kwa mpira wa puani kama yupo wa kuuweka. Afunikwe. Karatasi iandikwe dawa, kiasi na saa. Na simu ipigwe mbele, ili mlango upokee.

Usafiri unabaki kuwa mfupa mgumu. Tanzania ina mfumo wa m-mama, namba 115, ambao umeundwa kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka 2 anayebanwa na mbavu si mlengwa wake, na yeye anategemea mfuko wa baba yake.

Ndani ya hospitali

Kufika si kupona. Vifo vingi vya wodi ya watoto hutokea ndani ya saa 24 za kulazwa, na baadhi kwenye benchi la mapokezi huku kadi ikitafutwa. Kuwapanga wagonjwa kwa hatari, badala ya nani kafika kwanza, hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji mtu mmoja mlangoni mwenye mamlaka ya kumpitisha mtoto mbele ya foleni kabla ya kumwuliza bima.

Kisha kuna yale tuliyoyadhani sahihi. Kwa miongo kadhaa mtoto mwenye homa na dalili za mshtuko, mikono baridi na mapigo dhaifu, alifunguliwa dripu ya kasi kama ilivyofundishwa kwenye vitabu vya nchi tajiri. Jaribio lililoitwa FEAST lilifanyika kwenye hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141, na matokeo yalitoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48 walikufa kama asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya kasi, na asilimia 7.3 ya waliopewa maji ya kawaida ya polepole tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Watoto wenye kuhara hawakuhusishwa, na kwao dripu inabaki kuwa uhai. Kumchanganya mtoto wa malaria kali au nimonia na mtoto aliyekaushwa na kuhara ndilo kosa linalofanyika usiku, daktari mmoja akiwa na wodi mbili.

Mwenye utapiamlo mkali yuko kwenye hatari hiyohiyo. Ndiyo maana utepe wa kupima mzunguko wa mkono unapaswa kuzungushwa kwa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 anayelazwa: chini ya sentimita 11.5 anahitaji maziwa maalumu, sukari na joto, na maji yake yapimwe kwa uangalifu mkubwa kwa sababu moyo wake hauhimili mafuriko.

Yanayozuiwa yasifike huko

Chanjo zimefanya kazi kubwa kimya kimya. Kenya ilianza chanjo ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, mwaka 2011, na kule Kilifi magonjwa makali ya aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Tanzania iliingiza chanjo ya nimokoko na ya rota, virusi vinavyoleta kuhara, mwaka 2013. Adui wa chupa hizi si joto peke yake. Zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoganda kwa sababu ililazwa juu ya barafu ndani ya sanduku imeharibika, na alama ya joto iliyobandikwa kwenye chupa haitakuambia hilo, kwa sababu inahisi joto, haihisi baridi.

Surua ina tatizo lake. Chupa ina dozi 10 na ikishachanganywa inamwagwa baada ya saa 6. Muuguzi akiona wamekuja watoto wawili, anaogopa hasara na kumwambia mama arudi Alhamisi. Mama aliyetembea saa mbili harudi Alhamisi. Msimamo wa WHO ni kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja, na msimamizi wa wilaya anayemgombeza muuguzi kwa dozi zilizomwagwa anapaswa kuulizwa amehesabu vipi watoto waliogeuzwa.

Baada ya kuruhusiwa

Daftari linaandika "ameruhusiwa, hali nzuri" na mtoto anahesabiwa kuwa amepona. Tafiti za Afrika, Kilifi ikiwemo, zimeonyesha kwamba wiki na miezi ya baada ya kutoka wodini ina vifo vingi, hasa kwa wenye utapiamlo na waliokuwa na upungufu mkali wa damu. Aliyeongezewa damu kwa malaria kali anarudi kwenye nyumba ileile yenye mbu walewale, uboho wake ukiwa bado haujapata nguvu ya kutengeneza damu.

Kwa hawa kuna hatua mpya. Katika jaribio la Kenya na Uganda lililochapishwa mwaka 2020, watoto waliolazwa kwa upungufu mkali wa damu walipewa dawa ya malaria ya siku 3 wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa. Katika kipindi hicho vifo na kulazwa tena vilipungua kwa asilimia 70. WHO iliipendekeza mwaka 2022. Kinachotakiwa ili ifanye kazi ni tarehe tatu zilizoandikwa kwenye kadi ya kuruhusiwa, dawa mkononi mwa mama kabla hajatoka getini au mhudumu wa jamii mwenye jina la mtoto huyo kwenye orodha yake, na mtu wa wodi anayepiga simu wiki ya 2 kuuliza kama dozi ya kwanza imeanza.